Waya wa Ardhi

Kutaisi, Novemba. Mvua bado haijaamua.
Nimelala chali chini ya dashibodi ya Zhiguli ya shangazi Lamara,
miguu imebaki mlangoni kama ya mtu aliyemezwa nusu,
tochi nimeiuma kwa meno.

Redio mpya iko juu ya kiti, kwenye boksi lake.
Lari themanini, soko la nyuma ya stesheni.
Ina taa za zambarau. Muuzaji aliapa kwa mama yake
kwamba itaingia katika gari lolote lililotengenezwa na binadamu.
Haikuingia.

Tundu la kiwandani lilipungua upana wa kidole,
nikashika tupa, nikakereza bati tangu saa nne hadi adhuhuri,
vumbi la chuma likanikaa kwenye nyusi,
na jirani Avtandil, mikono mfukoni, akasimamia kazi asiyoombwa:
"La kuvunda halina ubani, Gocha.
Unamvisha kikongwe hereni."
Shangazi, dirishani, akamjibu huku akibanja jozi:
"Na wewe je, ulipotiwa meno mapya?"

Nyuma ya dashibodi kuna nchi nyingine.
Nimekuta humo chanuo, kopeki tatu za dola isiyokuwepo,
risiti ya dawa ya kifua yenye jina la marehemu mumewe,
na nyaya.
Zamani zilikuwa na rangi. Sasa zote ni rangi moja,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Nikazipima kwa balbu, mmojammoja:
huu una umeme saa zote, huu husubiri ufunguo,
huu haujui kitu, umekatika tangu enzi za foleni za mkate.
Wa njano nikaupeleka kwa betri, ili redio ikumbuke saa.
Mwekundu kwa swichi.
Mweusi, wa ardhi, nikaubana kwenye skrubu iliyokuwa karibu,
yenye rangi na kutu, maana mgongo ulikwisha kuanza maneno yake.

Fyuzi ya kwanza ikaungua. Nikatukana kwa adabu.
Ya pili ikakaa.

Shangazi akashuka na aproni yake, akaketi kwenye usukani,
akawasha. Zambarau ikamjaa usoni.
Zikaja habari za hali ya hewa, theluji njia ya Rikoti,
na chini ya sauti ya msomaji, mluzi,
mwembamba, kama uzi unaotafuta tundu la sindano.
Akakanyaga mafuta, ukapanda.
Akaachia, ukashuka.

"Nani huyo?"
"Alteneta," nikasema. "Ardhi mbovu. Nipe dakika kumi."
Nikakwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa kama ukucha,
nikakaza. Mluzi ukafa. Msomaji akabaki peke yake, safi,
kama abiria aliyelipa nauli.

Shangazi hakufurahi.
Miaka ishirini na saba amepeleka jibini Zestafoni
bila redio, kwa masikio tu.
Anaijua beringi inayolalamika kabla ya kuvunjika.
Anajua kugonga kwa aina tatu ni kwa kawaida,
kwa nne ni kwa fundi.
Akakanyaga tena, kichwa kakiinamisha kwenye spika.
"Alikuwa ananiambia kitu," akasema, "mkamnyamazisha."

Mkamnyamazisha. Kana kwamba tulikuwa wengi.

Alipoingia ndani kutazama mkate wake,
nikarudi chali, tochi menoni,
nikalegeza skrubu nusu mzunguko.

Nyingine moja imenibakia mkononi, sijui imetoka wapi.
Nimeiweka kwenye kisahani cha majivu, pamoja na kopeki.