Tambara Bichi

Mwaka wa tatu programu yangu ilikwama:
malori ya chai ya Katumba
yalishika njia ileile kila alfajiri
hata baada ya daraja kuzolewa na Kiwira.

Nikarudi Tukuyu, jikoni kwa mama.
Sisimizi wamejipanga ukutani hadi kwenye kopo la sukari.
“Ndimbumi, usiwamwagie mafuta ya taa.”
Akapitisha tambara bichi, mara moja, basi.

Wakababaika.
Mmoja akapinda kushoto,
akapapasa ufa, akarudi na habari.

Usiku ule niliandika mstari mmoja tu:
kila harufu na ififie.

Juzi, wakiniaga chuoni Mbeya, waliuliza
mashine zangu zinajua nini hasa.
Kusahau, nikasema. Wakacheka.

Mama, na miaka yake tisini, angali anahamisha kopo.
Wangali wanaliona.