Kumi na Tano kwa Moja

Kazini nakwenda bila mafuta, bila udi, bila sabuni yenye jina.
Kahawa marufuku saa nzima kabla,
na kitunguu, na peremende. Ukiwa na mafua unabaki nyumbani.
Mama hunisindikiza mlangoni kwa macho:
"Mwanamke mzima, Maskati hii, unatoka unanuka maji?"
Ndiyo, mama. Maji ndiyo sare yangu.

Chombo kinaenea mkobani kama mashine ya kunyolea:
kinyago cha pua,
vichujio viwili vya mkaa, kimoja kila shavu,
na kijigurudumu chenye matundu.
Mkaa unanipa hewa isiyo na habari.
Tundu linaniletea habari kwa kipimo:
sitini za safi kwa moja ya mtaa,
thelathini kwa moja,
kumi na tano,
saba, nne, mbili.
Kila kituo najiuliza swali lilelile, kama hakimu mvivu:
ipo, haipo?
Jicho lina kope. Pua haina hata pazia.

Jumanne, Mabela, nyuzi arubaini na moja.
Malalamiko ya nne kutoka nyumba yenye geti la kijani:
kitu kimekufa, kinanuka kutwa, watoto hawalali.
Nimezoea. Litakuwa bomba la maji machafu,
ama lori lililomwaga likakimbia.
Nasimama uchochoroni, upepo unipige usoni.
Sitini: hakuna.
Thelathini: hakuna, ila jasho, nalo ni langu.
Kumi na tano

na juu ya paa, nyuma ya tangi,
sauti inamwambia mtoto, kwa Kiswahili:
"Rahuma, hebu chungulia. Yule mwenye mdomo wa bata anatafuta nini?"

Papa.
Papa wa chumvi, siku ya tatu ya jua.
Kabla sijaisoma namba nilikuwa na miaka sita,
Ruwi, ghorofa ya pili, jikoni kwa bibi Asila,
anailaani nazi ya kopo, anaapa kwa Wete,
na madirisha yote yamefungwa
majirani wasijue tunakula nini.

Fomu inataka neno. Ina "samaki", ina "yai viza",
ina "moshi", ina "kemikali".
Haina shombo. Haina vumba.
Chini yake mstari: kutoka hasi nne hadi chanya nne,
inapendeza kiasi gani?
Kumi na tano nimeiandika; namba ni amana.
Kikomo ni saba, nacho nimekiandika.
Penye mstari kalamu imegoma,
maana kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni hii:
pua iliyolelewa na harufu haiitolei ushahidi.
*Mpimaji hafai. Aletwe mwingine.*

Ndipo nikavua mdomo wa bata, nikajibu juu:
"Natafuta harufu, bibi."
Kimya. Kisha kicheko kilichorusha njiwa kwenye nyaya.
"Si umeipata? Panda!"
Bi Ghanima ameanika vipande kumi na viwili kwenye kamba ya nguo,
kati ya kanzu mbili nyeupe za mumewe,
nazo kanzu, Mungu anisamehe, sikuzipima.

Mwingine alikuja Alhamisi: Shibu Kurian, mtu wa Kerala,
anayejua gesi imevuja kabla gesi yenyewe haijajua.
Alisimama pale pale. Nilikitazama kidole chake.
Sitini. Thelathini. Kumi na tano,
na kidole kikaganda.
Alipovua kinyago macho yalikuwa yamelowa, ama ni jua.
"Kwetu," akasema, "mama hutia embe bichi."

Jalada bado liko wazi. Mkuu anatafuta pua
isiyotoka mahali.
Geti la kijani limepiga simu tena, na lina haki, watoto ni watoto.
Bi Ghanima kasogeza kamba upande wa pili wa tangi;
upepo haukuambiwa.
Nami chini ya kiti cha gari nina gazeti la juzi
lililofunga kitu nisichoruhusiwa kupokea.
Vichujio vyote viwili vimeharibika.

Mama alifungua mlango, akavuta hewa mara moja.
"Nani kakupa?"