Mlingoti Kariobangi

Umelala mita kumi na moja,
kisigino karakanani, kilele mlangoni kwa Nyanchoka,
naye keshaanika nepi.

Mwenye mashua anapiga simu kutoka Kilifi:
lini?
Nami napitisha pamba kwenye waya wa zamani
polepole, kama ninayempapasa mgonjwa,
mpaka inanasa.
Uzi mmoja kati ya kumi na tisa umekatika,
umejificha ndani ya kikombe cha chuma.
Hapo ndipo mlingoti wa kwanza ulipoanza kuanguka.

Waya zote nimebadilisha. Nimekaza, nimelegeza.
Bahari sijaiona.
Upepo naujua wa mabati tu.

Lori linakuja alfajiri.
Nyanchoka, anua nguo zako, mlingoti unaondoka.

Ngoja zikauke, akasema,
nao uzoee kubeba kitambaa.