Bambo

Alikuja Julai, msimu wa ufuta,
shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata,
akapita geti la ghala pale Nachingwea
bila kutazama malori, bila kutazama magunia.
Alitazama mikono ya makuli.

Mimi ndiye mpimaji.
Bambo langu nalichoma gunia ubavuni, linatoa siri:
mbegu nyeupe, mbegu changa,
mchanga wa mtu wa Naipanga aliyedhani kilo ni kilo.
Miaka kumi na tisa. Gunia halijanidanganya.

Mkalimani, kijana Hokororo, akasema:
"Huyu ni Bwana Kuramochi, mkamua mafuta,
kwao mji wenye bandari na theluji.
Aliwahi kumiliki timu mbili za besiboli,
za kulipwa, zenye viwanja, zenye tarumbeta."
Makuli wakacheka.
Mtu mmoja, timu mbili!
Zikikutana, anamzomea nani?

Swali likatafsiriwa. Yeye hakucheka.
Siku hizo, alisema, nilikaa nyuma ya nguzo
nikala wali wa baridi, nisione upande wowote.

Ya kwanza aliinunua kwa mafuta.
Ya pili aliachiwa na mkwewe pamoja na madeni,
nayo ikashindwa misimu kumi na mmoja mfululizo
hadi wauza tambi nje ya uwanja
wakawa wanafunga vibanda mchezo haujaisha.
Akaiuza. Jumatano, kwa simu, amesimama.
Wachezaji wakasoma gazetini.

Hapo Likwata akatua gunia lake.

Likwata ni nani? Kipa wetu,
enzi za Nyota ya Mbwemkuru.
Tulipanda daraja kwa mkono wake wa kushoto,
penalti mbili, mvua, kule Lindi mjini,
nami nilipoteza kiatu na sikukitafuta.
Mwaka uliofuata mwenyekiti Nampoto akaiuza timu:
daraja, jina, jezi, hata cherehani ya kushonea namba,
kwa tajiri wa mkoa mwingine
ambaye hajawahi kumeza vumbi letu.
Mbuzi huuzwa na kamba yake.
Sisi mashabiki hatukuwa hata kamba.
Likwata alirudi na glovu. Leo anabeba.

Akajifuta jasho, akamwuliza mgeni, kwa adabu tu:
"Jumatano ile, mzee, uliuza nini hasa?"

Hokororo akatafsiri, akarudia,
akatafuta neno jingine, nalo likakwama.
Yule mzee akanyosha mkono, akaomba bambo langu.
Sijawahi kumpa mtu.
Nikampa.
Akachoma gunia, akakinga kiganja,
akazitazama zile mbegu chache kwa muda
ambao mnunuzi hauhitaji.
Kisha akazirudisha tunduni, moja moja.
Ghalani kwetu hakuna anayerudisha.

Sanduku la zabuni lilipofunguliwa, bei yake ilikuwa ya tatu.
Hakupata hata debe. Mzigo ukashuka bandarini Mtwara
kwa jina la mwingine.

Lakini kabla ya kupanda gari
alitoa mfukoni kitu cheupe, kigumu,
kimeshonwa uzi mwekundu kama jicho lililokesha,
akakirusha bila kutangaza.
Likwata alikuwa anahesabu magunia.
Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe.
Ghala zima likapiga kelele
ambayo sijaisikia tangu ile mvua.

Jioni nikauweka kwenye mizani ndogo, ile ya sampuli.
Gramu mia moja arobaini na tano.
Nikaandika daftarini, chini ya ufuta:
mpira, mmoja. Unyevu, mdogo. Mchanga, hakuna.
Mmiliki:
hapo nikaacha wazi.

Mkaguzi wa mkoa alipouliza
nilimwambia wino uliisha.