Kwa Dereva wa Gari la Kumi na Saba

Sikujui. Kiti chako nakijua:
nimekikalia leo mchana nikila mkate na yai,
mlango ukiwa bado haujavikwa ngozi,
theluji ya Hamilton ikipapasa mabati ya karakana
na Lorne akinifokea nisidondoshe makombo.

Lilikuja jeupe, jepesi, gari la wagonjwa.
Tukalivua viti, zulia, dari,
likabaki mbavu kama samaki aliyeliwa.
Kisha tukaanza kulivika
chuma cha milimita sita na nusu
kilichopikwa barabara nne tu kutoka hapa,
ambako usiku mbingu hugeuka chungwa.

Nisikilize. Risasi haishindani na chuma,
inatafuta mshono.
Pale mlango unapokutana na nguzo
pana mwanya wa kupitisha kadi ya benki.
Hapo nimelaza bamba juu ya bamba, kama magamba,
nikachomelea kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto,
maana mashine haifiki.

Mlango utakuwa mzito. Usiubamize.
Mfundishe nesi aufungue kwa bega.
Kioo hakishuki ila vidole vinne:
kitambulisho kitapita,
mkono wa mtoto utapita hadi kwenye kifundo,
wako hautapita.
Wakisema una kiburi, husalimii watu,
waambie ni kioo.

Breki zitachelewa, tumeliongezea tani moja na nusu.
Ule mteremko wa kuingia mjini, baada ya kiwanda cha chai,
ushuke na gia ya pili.
Ndiyo, naujua.
Jina la mji nililiona kwenye karatasi ya oda,
nikaenda chooni, nikafungua maji, nikayaacha yatiririke.

Letu lilikuwa bati, mlango umefungwa kwa kamba ya katani.
Baba alitupanga katikati ya magunia ya maharagwe.
Maharagwe yalizuia mbili.

Lorne anasema nakagua mshono mmoja mara tano.
Nakagua.

Kuna jambo moja lililobaki, na hulioni kwa macho,
kwa sababu dari tumeirudisha, nyeupe, nzuri, ina taa.
Juu yake ni bati. Oda haikulipia paa.
Nilipomuuliza Lorne alinionyesha karatasi,
akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Kwa hiyo njia ya bondeni, yenye vilima pande zote,
usiipite.
Pita ya juu.
Ni ndefu, ina mashimo, wagonjwa watalalamika.
Pita ya juu.