Mstari wa Mtayarishaji

Mwaka wa kumi na mmoja niliiacha kampuni,
ile yenye nembo ya kijani na kahawa ya bure.
Sikugombana na mtu. Nilichoka tu
kuona jina lao likichapwa
pale nilipotoa jasho mimi.

Nikachukua chumba cha Barros, fundi viatu aliyestaafu,
mtaa wa Columbia, Fall River,
chini ya nyumba ya mbao ya ghorofa tatu.
Gundi yake ingali inanuka ukutani.
Kodi dola mia saba, kila tarehe mosi, bila hadithi.
Yaani nalipa kodi
nipate mahali pa kuhesabia kodi za watu.
Nilicheka peke yangu nikitia sahihi.

Nambari ilikuja kutoka Washington, barua kavu, mistari minne.
Printa niliinunua parokiani, inakohoa kabla ya kusema.
Nikakata bima ya makosa,
maana huku hata kosa ambalo hujalifanya
lina bei yake kwa mwezi.

Herufi za dirishani nilizibandika kwa ndani,
nikasahau kwamba mtaa unasoma kwa nje.
Siku tatu nilikuwa mtaalamu wa kinyumenyume
hadi mtoto wa shule akagonga kioo, akaniambia.

Januari theluji ilijaa mlangoni kuliko wateja.
Wa kwanza alishika buti, soli ikining'inia kama ulimi wa mbwa:
"Barros yupo?"
Hayupo. Lakini gundi ipo kwenye droo.
Nikaibana soli kwa kamusi mbili na sheria ya kodi,
kitabu kizima, uzito wake ukafaa hatimaye.

Wa pili, Gil Furtado, dereva wa greda la theluji,
alitaka nimwandike mpwa wake kuwa tegemezi.
"Anaishi kwako?"
"Moyoni."
"Na mwili?"
"Toronto."
Nikamrudishia karatasi zake. Dola tisini zikasimama, zikavaa koti.
Mlango wa Barros hufunga polepole mno,
kana kwamba unakupa muda wa kubadili nia.
Sikubadili. Ila usiku ule nilizihesabu tena na tena,
zile tisini zisizokuwepo.

Februari, jioni, akaja Leonor Arruda
na boksi la viatu la mumewe, namba arobaini na tatu.
Ndani: risiti za dawa, za mafuta ya kupashia nyumba,
bili ya hospitali iliyokunjwa udogo wa stempu
kama kitu cha kumezwa.
Nilizipanga mezani. Hakuvua glavu.

"Naye atahesabiwa?"
"Kwa mwaka huu, ndiyo. Mtajaza pamoja.
Alikuwepo hadi Novemba; sheria inampa mwaka mzima."
Akatazama dirisha, herufi zangu sasa zikimgeukia yeye kinyume.
"Basi sheria imempa zaidi ya daktari."

Kwenye mstari wa mume nikachapa: marehemu, na tarehe.
Kwenye wake akatia sahihi, kalamu ikasita katikati ya ukoo,
ukoo wa yule bwana,
kisha ikamalizia.

Chini kabisa, mstari wa mtayarishaji.
Odília Medeiros Pacheco. Niliandika lote,
hata kile kistari juu ya i
ambacho mashine za kampuni zilikuwa zikikimeza.
Mkono ulitetemeka. Jina likikosea sasa, nimekosea mimi;
hakuna nembo ya kujificha nyuma yake.

Alipoondoka nikafungua daftari langu,
maana mali bila daftari hupotea bila habari,
na mimi, masikini, sasa ni mteja wangu mwenyewe.
Buti, kubandika soli: dola nne.
Arruda, mke na mume: dola sitini.
Kalamu ikangoja.
Alikuwa ameacha mkate mtamu wa mayai, bado una moto kidogo,
umefungwa kwa kitambaa cha jikoni.

Nilitafuta safu ya kuuweka.
Kitambaa nitamrudishia.
Mkate sikuuandika. Niliukata.