Themostati Mbili

Sindano ilipogusa mia mbili na ishirini na tano
nilizima kiyoyozi, nikashusha vioo,
nikawasha hita. Mwezi wa Julai.
Hita, ndiyo, hadi mwisho,
ili joto la injini lije likae nami kiti cha mbele
na kichwa cha silinda kipate kupumua.
Nyuma, kwenye trela, mbuzi kumi na wanne walilalama
kama walioalikwa harusini wakanyimwa pilau.
Mlima wa magharibi ya Denver haukuona haya,
ulizidi kupanda.

Kasongo, tunayeshika naye zamu moja kiwandani,
hana shaka: "Weka ya baridi.
Ya mia na themanini. Ifunguke mapema, maji yatembee.
Heri nusu shari."
Kasongo hugawa ushauri bila malipo,
na pikapu yake imelala juu ya matofali tangu Pasaka.

Duka la vipuri, hapa Greeley, Bi Lorna
aliviweka vijiboksi viwili juu ya kaunta.
Hii mia na themanini, hii mia na tisini na tano. Bei ileile.
"Unavuta mzigo?"
Navuta.
"Na Januari unaendesha?"
Januari nampeleka Radhia shule, saa moja, gizani,
pumzi yake ikiganda kwenye kioo
na yeye akichora samaki kwa kidole.
Bi Lorna akainua mabega. "Basi chagua mwezi."

Nikanunua zote mbili.

Usiku nilizitumbukiza kwenye sufuria,
zimefungwa uzi, zinaning'inia kwenye mwiko,
kipimajoto cha nyama kimeegemea ukingo.
Mwanaidi akatokea. "Sufuria yangu ya maharage."
Nikasema ni mpya, hazijawahi kuonja injini.
Akavuta kiti.
Tukayakodolea maji macho kama watu wanaongoja penalti.
Mia na sabini na nane: ya kwanza ikatoa ulimi,
kidogo, kama mtoto anayepewa dawa chungu.
Ya pili imekaza midomo, mama mkwe kabisa,
mpaka maji yalipokaribia kutokota,
na huku kwetu juu hutokota mapema,
ndipo nayo ikaachama.
"Zikishafunguka zote," Mwanaidi akauliza, "tofauti iko wapi?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Maana kule mlimani, mia mbili na ishirini na tano,
mlango ulikuwa wazi zamani,
bawabu amesimama kando, mikono mfukoni.
Huyu mke wangu hajashika spana hata siku moja.
Ila miaka sita alisoma mita za maji Kigoma,
nyumba kwa nyumba, na alishawaona wengi
wanaobadilisha koki wakati bomba limeziba.

Asubuhi nililala chini na tochi.
Kati ya kondensa na rejeta: sufi ya miti ya mtoni,
manyoya ya mbuzi, mabua, panzi,
kipepeo mmoja mzima, rangi zake zote,
vyote vimeshikana blanketi.
Nikapiga maji kutoka upande wa feni, polepole,
mapezi yasipinde,
uchafu ukateremka kijivu hadi barabarani
na jirani yangu Wendell, kikombe mkononi,
akanisaidia kutikisa kichwa.

Nikafunga ya mia na tisini na tano.
Gaskiti mpya, boliti mbili, ngozi ya kidole kimoja.
Usinisifu. Nilikuwa namfikiria yule samaki wa kwenye kioo.

Jumamosi tukapanda tena. Mbuzi kumi na mmoja.
Sindano ikasogea hadi mia mbili na nane, ikatua hapo,
nami nikiitazama zaidi ya barabara,
Mwanaidi akinikumbusha barabara.

Ile ya baridi iko dirishani jikoni, karibu na kopo la chumvi.
Kasongo ameiomba mara mbili.
Nimemwambia angoje kwanza,
Agosti haijapita.